Ukigusa, Inua Mkono

Somo: 2 Timotheo 2:5



Jumapili iliyopita, katika ibada ya pili, niligusia jambo kwa haraka kwa sababu saa ilikuwa imetupita na watu wa ibada ya tatu walikuwa wamejaa mlangoni. Nilisema mchezo wa shule ulinilea, halafu nikasema ni katika mchezo huo huo nilisema uongo mkubwa kuliko wote wa ujana wangu, tena bila kufungua mdomo. Baada ya ibada watu watatu walinifuata hadi kwenye gari. Baba mmoja alitaka kujua basi amwache kijana wake acheze au amtoe kwenye timu asome. Dada mmoja wa kwaya alitaka kujua uongo wenyewe ulikuwa upi. Na mzee mmoja wa kanisa, kwa upole, aliniambia kwamba mambo mengine pasta huyamaliza na Mungu wake, hayaleti madhabahuni.

Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini nimeomba wiki nzima na nimeona niyaandike, tena kwa urefu, maana swali lililo ndani yake si la mpira peke yake. Je, uwanja humfanya kijana kuwa mwema? Walimu wakuu husema hivyo kila siku ya kutoa zawadi. Mimi pia nimesema hivyo kwenye semina za vijana. Siku hizi sisemi haraka.

Nilisoma shule ya bweni ya wavulana, si mbali na mji huu wa Nakuru. Jina lake sitalitaja. Niliingia kidato cha kwanza nikiwa mrefu na mwoga, mtoto wa kukata tamaa mapema. Hesabu ikinishinda mara mbili, nafunga daftari. Mtu akinicheka, siku hiyo sili. Kidato cha pili mwalimu wetu wa Kilimo, mtu wa Subukia ambaye sote tulimwita Kocha, aliniona nikipita na ndoo, akaangalia urefu wangu, akaniambia nifike uwanjani saa kumi jioni. Sikuwa nimewahi kugusa mpira wa voliboli.

Uwanja wenyewe ulikuwa udongo mtupu. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni, na upepo wa kiangazi ukivuma, mistari inaondoka na vumbi tunaichora tena. Wavu ulikuwa umeshonwa kwa kamba za gunia. Kocha alinipa ukuta wa bweni niupigie mpira mara mia mbili kila siku, kisha akanikalisha benchi muhula mzima. Muhula mzima, wapendwa! Nikibeba maji na jezi za wenzangu. Nilitaka kuacha karibu kila wiki. Sikuacha, na sababu haikuwa ya kiroho hata kidogo: nilikuwa naogopa kumwambia Kocha.

Lakini kitu kilikuwa kinaendelea ndani yangu bila mimi kujua. Nilianza kuweza kukemewa mbele ya watu na bado nile chakula cha jioni. Nilijifunza kwamba kosa la dakika hii lisipoachwa nyuma linazaa kosa la dakika ijayo. Miaka baadaye nilipokuwa nasoma biashara Egerton, kampasi ya hapa mjini, niliona vijana werevu kuniliko wakivunjika kwa sababu ya mtihani mmoja wa takwimu. Mimi nilikuwa nimeshazoea kushindwa Jumamosi na kurudi mazoezini Jumatatu. Kwa hiyo baba uliyeniuliza, jibu langu la kwanza ni hili: mwache acheze. Mtume Paulo akimwandikia Timotheo (1 Timotheo 4:8) hasemi kwamba mazoezi ya mwili hayafai. Anasema yanafaa kidogo. Mimi hicho kidogo nilikila, na kilinishibisha zaidi ya nilivyotarajia.

Kocha alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote. Katika voliboli, mpinzani akipiga mpira ukatoka nje, pointi ni yenu. Lakini kama umekugusa kwanza, hata kwa ncha ya ukucha, kisha ukatoka, pointi ni yao. Mara nyingi hakuna anayeona mguso huo isipokuwa wewe. Kwa hiyo Kocha alisema: ukigusa, inua mkono. Usingoje refa. Na mazoezini tulikuwa tunainua kweli. Mtu anainua mkono, wenzake wanacheka, mpira unarudishwa, tunaendelea. Ilikuwa rahisi sana. Nilidhani basi mimi ni mkweli.

Sasa niwapeleke mwaka 2008, nikiwa kidato cha nne.

Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa Nakuru mwezi wa kwanza mwaka huo, na sihitaji kuwaeleza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Bonde la Ufa lilipasuka. Mwishoni mwa Januari moto ulifika hapa mjini, na ule uwanja wa maonyesho ya kilimo, tulipozoea kupelekwa na wazazi kuona ng'ombe wa maziwa, ukajaa mahema. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Mzee Kofi Annan alikaa na viongozi mpaka wakatia sahihi tarehe 28 Februari. Watu wakubwa walikuwa wamepatana. Sisi tulikuwa tumerudi shuleni, tunalala kwenye vitanda vile vile, na hakuna aliyetupatanisha.

Wachezaji wenzangu nitawaita kwa namba za jezi. Makabila sitayataja pia. Mnayajua, na ukishayataja watu huacha kusoma wakaanza kuhesabu. Namba Tatu alikuwa seta wetu. Nyumba yao, huko juu upande wa Molo, ilichomwa, na mama yake na wadogo zake walikuwa kwenye mahema ya Showground. Namba Nane alikuwa mpigaji wetu mkubwa. Alitoka upande wa wale ambao kina Namba Tatu walisema ndio waliowachoma. Na yeye pia alikuwa na lake: mjomba wake alikuwa na duka hapa mjini, akafukuzwa na majirani aliowauzia sukari kwa miaka, akaondoka na shati alilokuwa amevaa.

Kwa wale wasioujua mchezo: seta ndiye anayeuinua mpira karibu na wavu ili mpigaji auruke na kuupiga. Mpigaji mara nyingi anaanza kuruka kabla mpira haujafika, akiamini utakuja. Seta akitaka kumwaibisha hahitaji kufanya kosa la wazi. Anaupunguza mpira kidogo tu, upana wa kiganja, na mpigaji anaonekana mjinga mbele ya shule nzima. Wiki tatu za kwanza Namba Nane alionekana mjinga. Au basi hakupewa mpira kabisa. Yote ilikuja kwangu katikati.

Kocha hakuhubiri. Mimi ningehubiri. Yeye aliwapa wale wawili kazi ya kufunga wavu kila jioni na kuufungua. Wavu haufungwi na mtu mmoja. Huyu anavuta upande huu, yule anavuta upande ule, na wasipoelewana unalegea katikati na timu nzima inawangoja. Mwanzoni walikuwa wakiufunga bila kutazamana. Halafu wakawa wanasema "vuta" na "toa." Siku moja, nadhani ilikuwa karibu na kufunga muhula wa kwanza, Namba Nane aliruka na mpira ukawa pale. Hakuna aliyesema pole, hakuna aliyelia. Mpira ulikuja mahali pake, akaupiga, ukagonga chini upande wa pili na vumbi likaruka. Namba Tatu akageuka, akampiga kofi la mkono. Nimeona watu wakiokoka kwenye mikutano ya Injili mikubwa, na bado siku ile naihesabu kati ya siku nilizoona Mungu akifanya kazi.

Muhula wa pili tulifika fainali ya wilaya. Wapinzani wetu walikuwa shule ya kutwa ambayo haikuwa imewahi kwenda mashindano ya mkoa. Seti nne ziligawanyika, mbili kwao mbili kwetu. Seti ya tano huishia pointi 15, ila lazima upite kwa mbili. Tulikuwa 14 kwa 13. Mpigaji wao aliruka, nikaruka naye kuzuia. Mpira ulipita juu ya mikono yangu na kwenda kutua nje, nyuma ya mstari wetu. Refa pale juu ya kiti chake akaonyesha nje. Pointi yetu, mchezo umekwisha.

Ulikuwa umenigusa. Kidole kidogo cha mkono wa kulia. Wala haikuwa ya kukisia. Kiliuma mpaka jioni.

Nitawaambia kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu ndicho kiini cha andiko hili. Sikufikiria kombe. Nikishuka kutoka hewani nilimwona Namba Tatu amemrukia Namba Nane, amemkumbatia shingoni, wanaanguka pamoja kwenye vumbi. Nikawaza: nikiinua mkono sasa, wale wawili wataachana. Itakuwa 14 kwa 14, pengine tutashindwa, na wakishindwa wataanza kulaumiana, na tunajua lawama huko kwetu mwaka ule zilikuwa zinaishia wapi. Kwa hiyo mkono ukabaki chini. Nikakimbia nikawarukia na mimi.

Nahodha wao alikuja kutupa mkono wa kwaheri, mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliushika mkono wangu muda mrefu kidogo, akanitazama. Hakusema neno. Sikujua jina lake wakati ule na silijui leo.

Wapendwa, mnaona mtego wenyewe. Ningekuwa nimedanganya kwa ajili ya pesa, ningetubu wiki hiyo hiyo. Dhambi ya tamaa tunaijua sura yake. Lakini mimi nilidanganya kwa ajili ya upendo. Nilidanganya kwa ajili ya amani ya watu wangu. Na yote niliyofundishwa na mchezo, kujitoa, kutowaangusha wenzako, kuwatanguliza kuliko nafsi yako, yote yaliuvuta mkono wangu chini. Uwanja ulikuwa umenijenga kweli. Ulinijenga kuwa mwaminifu kwa wetu. Na kule Molo, na Kuresoi, na hapa mitaani Januari ile, watu wengi waliobeba mapanga na viberiti nao walikuwa waaminifu kwa wao.

Sisemi hivyo ili nidharau umoja unaoletwa na michezo. Mwezi wa nane mwaka huo huo, nikiwa nyumbani likizo, tulijaa kwenye sebule ya jirani kutazama Olimpiki ya Beijing. Pamela Jelimo, msichana wa Nandi, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki, mita 800. Siku chache baadaye Samuel Wanjiru, kijana wa Nyahururu, akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu Januari walirukaruka pamoja kwenye kochi moja. Ilikuwa kweli, na ilikuwa tamu. Ila siku Wanjiru anafika mstari wa mwisho hakuna aliyetakiwa kuchagua kati ya ukweli na wenzake.

Paulo aliijua michezo. Alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu (Matendo 18:11), na karibu na mji ule palikuwa na mashindano makubwa ambayo mshindi alivikwa taji la majani. Ndiyo maana anapomwandikia Timotheo hasemi tu shindana kwa bidii. Anasema hata mwanariadha hapati taji asiposhindana kwa halali. Wagiriki wenyewe walilichukulia jambo hili kwa uzito. Kule Olimpia, kwenye njia ya kuingilia uwanjani, walisimamisha sanamu za shaba zilizolipiwa kwa faini za wadanganyifu. Sita za kwanza zilitokana na kesi ya mwaka 388 kabla ya Kristo, pale bondia mmoja alipowahonga wapinzani wake watatu. Kila aliyekwenda kushindana alipita mbele yake. Sisi katika shule zetu tuna kabati la vioo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kombe la 2008 bado limo. Nimelipita mara mbili nikienda kuhubiri pale, na mara zote mbili nilijifanya nasoma ubao wa matangazo.

Kuna kisa ambacho wengi wenu mmetumiwa kwenye simu, cha mkimbiaji wetu Abel Mutai. Kinazungushwa kikiwa na maneno mazuri ya kuongezewa, mengine ya mama yake fulani, na watu wanasema amina. Mimi napenda kisa chenyewe bila sukari. Tarehe 2 Desemba 2012, katika mbio za nyika mji wa Burlada, Uhispania, Mutai alikuwa anaongoza. Miezi michache kabla alikuwa amepata shaba ya Olimpiki London. Akadhani amemaliza, akapunguza mwendo kabla ya mstari. Nyuma yake alikuwepo Mhispania Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita. Badala yake akabaki nyuma, akamwonyesha kwa ishara aendelee mpaka mwisho, na Mutai akashinda. Hapo ndipo ujumbe wa simu unapoishia. Lakini magazeti yalipomhoji, yule kijana alisema jambo ambalo hakuna anayelisambaza: kwamba kama ingekuwa medali ya dunia au ya Ulaya, pengine angeshinda yeye. Na kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1995, alimsifu kijana wake kisha akasema wazi kwamba yeye mwenyewe angeitumia nafasi ile.

Nilisoma biashara, kwa hiyo mnisamehe nikiongea kama muuza duka. Ukweli wa Anaya ulikuwa na bei, na alikuwa muungwana kiasi cha kuitaja. Ukweli wangu wa mazoezini nao ulikuwa na bei; mimi tu nilikuwa sijaijua kwa sababu hakuna aliyewahi kunitajia kiasi kikubwa. Nilipotajiwa, sikutajiwa kwa shilingi. Nilitajiwa kwa Namba Tatu na Namba Nane wamekumbatiana. Wengi wetu kanisani hatununuliki kwa pesa. Tunanunuliwa kwa watu wetu.

Mwaka 2021, mwaka ambao Nakuru ilifanywa jiji, Kocha alilala. Tuliunda kundi la WhatsApp kuchangia mazishi, tukaenda Subukia. Baada ya maziko tulikaa chini ya mti, sita wa timu ile, tukila wali kwenye sahani za plastiki. Nilikuwa nimeshawekwa kuwa mchungaji msaidizi na nilikuwa nimewafungulia maombi. Nikaona siwezi tena. Nikawaambia: ile pointi ya mwisho, mpira ulinigusa.

Nilidhani wataduwaa. Namba Tatu aliendelea kutafuna. Akasema, "Pasta, tulijua. Niliuona ukigeuka." Mwingine akasema na yeye aliuona. Kisha Namba Tatu akasema jambo lililonikata maini: kwenye basi, tukirudi tukiimba, Kocha alimwita mbele akamuuliza, "Uligusa?" Naye akajibu, "Sijui, Kocha." Kocha akasema, "Sawa." Hakuuliza tena maishani mwake.

Katika Yoshua 7, Akani alificha nyara chini ya hema lake peke yake, na Israeli yote ikashindwa vitani bila kujua kwa nini. Sisi tulikuwa hema moja lenye Akani sita, na wa saba akiwa amekaa kiti cha mbele cha basi.

Namba Nane alikasirika. Si kwa sababu nilidanganya. Kwa sababu nilisema. Akaniuliza kwa nini nataka kuharibu. Alisema ni baada ya kombe lile ndipo Namba Tatu alimpeleka kwa mama yake, kwenye mahema, na yule mama akamkaribisha chai akamwita mwanangu. "Ungeinua huo mkono, nani angenipeleka pale?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo na sitaki kulipita kwa mstari mmoja wa Biblia. Mungu anaweza kutoa chai ya kweli kwenye kombe la uongo. Amewahi kutoa makubwa zaidi kwenye maovu ya ndugu zake Yusufu. Lakini nimefika hapa: mimi ndiye niliyewadharau. Niliamua, nikiwa hewani, kwamba urafiki wa wale wawili ni mdogo kuliko pointi moja. Sikuwapa nafasi ya kushindwa pamoja, na labda wangeweza. Walikuwa wameshafunga wavu ule jioni nyingi sana. Na kuna yule nahodha wa shule ya kutwa. Katika hesabu zangu zote za amani, yeye sikumhesabu popote. Kwenye biashara tunafundishwa kuangalia gharama inayobebwa na mtu ambaye hakuwepo mezani mlipokubaliana. Yeye aliibeba.

Pengine yote haya yangebaki hadithi ya ujana kama si mama mmoja aliyekuja ofisini miezi michache iliyopita. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asijulikane, na yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie, ingawa hajakubaliana nami. Mwanawe ni mchezaji wa voliboli, mrefu, mzuri kuliko nilivyowahi kuwa. Aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya karo, akabeba mawe mjengo. Sasa shule moja ya mbali imemwona. Iko tayari kumsomesha bure mpaka kidato cha nne, ila umri umempita. Walichohitaji ni cheti kipya cha kuzaliwa, na ili kukipata, barua ya kanisa yenye muhuri ikisema aliwekwa wakfu hapa mwaka fulani, miaka mitatu baada ya mwaka wa kweli.

"Pasta," aliniambia, "hii ni barua tu. Si damu ya mtu. Mtoto atasoma."

Nilimwomba anipe siku mbili. Usiku ule nililala nikihesabu. Upande mmoja kijana niliyembeba mtoto mchanga wa imani, elimu ya bure, mama anayefua nguo za watu. Upande wa pili, nini? Karatasi. Na kijana mwingine, wa umri halali, atakayekaa benchi kwa sababu ya kijana wetu, tena si benchi la muhula mmoja kama langu. Huyo hana mama wa kuja kulia ofisini kwangu. Sijui hata yuko shule gani. Na kijana wetu mwenyewe angeanza kila asubuhi ya miaka miwili kwa kukumbuka mwaka wa uongo aliozaliwa.

Sikutia sahihi. Nilimwambia tutatafuta karo kwa njia nyingine, arudi shule ya kutwa karibu na nyumbani, asome hata kama hatacheza mashindano. Nilitoa changu, nikapeleka jambo kwenye kamati ya huduma, nikawaendea wafanyabiashara wawili wa ushirika huu. Tumepata karibu nusu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mtoto angekuwa wangu ningesemaje, na nikamwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba ndiyo sababu ni vizuri mihuri isikae kwa wazazi. Hakucheka.

Jumamosi jioni kijana huyo huja kucheza na vijana wetu nyuma ya kanisa. Tumeweka nguzo mbili na wavu mpya. Nimewaambia sheria ya Kocha, nao wanainua mikono wakicheka, kama sisi tulivyokuwa tukicheka.

Juzi nilimpigia mama yake simu kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Andika, Pasta. Lakini andika pia kwamba mtoto wangu bado yuko mjengo."

Nimeandika.